Mashine ya Kuitikia Hodi

Kwetu Mkomani, mtaa wa Amu, yaani Lamu, mlango wa nje haufungwi mchana. Mtu huingia dakani, ule ukumbi mdogo wa mlangoni, husimama chini ya ngazi, hupiga hodi. Akiitikiwa, hupanda. Asipoitikiwa, hupiga ya pili, kisha ya tatu, na baada ya hiyo ya tatu hugeuka akaenda zake bila kinyongo. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni, kwenye Kurani, na ndivyo walivyofundishwa waliotufundisha. Sijaona mwanamke wa mtaa wetu aliyepanda ngazi ya mwenziwe bila kuambiwa karibu, hata kama anasikia sufuria zikigongana huko juu.

Mama yangu alikuwa na karibu ya kusikika mpaka mtaa wa pili. "Karibu, ndoo yuu!" angesema, yaani njoo juu, na mgeni hajafika katikati ya ngazi kahawa imeshamiminwa. Mimi nilikuwa nikimwambia apunguze sauti, nina kazi kwenye kompyuta. Naye akinijibu kwamba kompyuta haitakuja kumzika, watakaomzika ni hao hao wanaopiga hodi.

Kisha akapatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, mdomo ukaenda upande, na sauti ikaondoka. Akili yake ilibaki nzima. Wallahi nadhani ilizidi, maana sasa haikuwa na pa kutokea. Kilichosalia kooni ni pumzi tu, na hata hiyo uisikie lazima umwinamie sikio lako mdomoni pake. Nilikuwa nimezoea kugombana naye kila siku asubuhi juu ya chai, na ule ukimya wa asubuhi ya kwanza tuliporudi hospitali uliniuma kuliko nilivyoweza kumwambia mtu.

Siku za mwanzo nyumba ilijaa. Kumzuru mgonjwa ni haki yake, na watu wa Amu haki hiyo hawaichezei. Mimi nilikuwa nyumbani, mimi ndiye niliyekuwa nikiitika, nao wakipanda na mabakuli ya uji na dua zao. Lakini mgonjwa akishajulikana kwamba hafi leo wala kesho, wageni hupungua wakabaki wale wa desturi, wanaokuja baada ya alasiri. Nami ikabidi nirudi kazini. Kazi yangu iko bara, upande wa Kililana, katika karakana ndogo inayotengeneza vifaa vya kuendeshea pampu za mashamba. Mimi huandika programu zinazokaa ndani ya vifaa hivyo. Navuka asubuhi, narudi magharibi ikikaribia. Mwanamke anayetusaidia humwogesha Mama, humpikia, humlisha cha mchana, kisha huenda kwa watoto wake. Basi saa zile zile za wageni ndizo Mama alizokuwa peke yake, amelala juu kwenye godoro lake karibu na dirisha, na huko chini watu wakipiga hodi tatu na kuondoka.

Niliwaambia. Niliwaambia wote, mmoja baada ya mmoja: Bi, ukija pita tu, usingoje kuitikiwa. Wakanijibu kwa adabu, haya mwanangu, insha'Allah, na kesho yake wakasimama pale pale chini ya ngazi. Hasira zikanipanda, kwa sababu mimi subira sikupewa. Nikamuuliza jirani yetu wa mkabala, kwani ngazi yetu ina miiba? Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto alifu, kwamba huenda mama yako amelala, huenda anaswali, huenda yuko katika hali asiyotaka kuonekana nayo. Nyumba iliyonyamaza imeshakupa jibu. Nikageuka nikarudi kwetu, maana hata mimi kwake nisingepanda.

Wageni wengine Mama angeweza kuvumilia kuwakosa. Asiyeweza kumkosa ni shoga yake wa Shela, kijiji cha jirani hapo pwani. Hawa wawili walisoma chuo kimoja, wakaolewa mwaka mmoja, wakafiwa na waume kwa kupishana kidogo, na katika mambo yote hayo hapana juma lililopita bila mmoja kukaa kwenye godoro la mwenziwe akamsengenya mtu. Shoga huyo siku za mwanzo alikuwa Mombasa kwa madaktari wa magoti yake; aliporudi akaja, na magoti hayo mabovu, kwa miguu pwani kwa pwani maji yakiwa yametoka, kwa boti yakiwa yamejaa. Akapiga hodi tatu. Akarudi Shela. Akaja tena, akarudi tena. Jirani aliyemwona akitoka dakani alimuuliza kulikoni, naye akasema maneno ambayo jirani aliniletea vile vile yalivyo: "Labda hataki nimuone mdomo ulivyokwenda upande. Shoga yangu alikuwa mzuri. Simlazimishi." Nikampelekea salamu kwamba Mama anamtaka sana, akaziona ni adabu ya mtoto tu.

Na juu ya hayo, mtoto wa kiume wa shoga huyo alikuwa ameshaamua kumchukua akakae naye Mombasa baada ya Idd, kwa ajili ya hayo magoti na madaktari wake. Mtu wa umri ule akihamia Mombasa, harudi kupiga hodi Mkomani.

Nilipomwambia Mama habari hiyo, aligeukia ukuta. Nikamwambia usijali, nitachukua ruhusa kazini, nikae hapa niitike mimi. Akanipiga kofi mkononi, kwa mkono wake mzima. Nikamwambia basi nitakupeleka Shela, tutakubeba kwa kiti mpaka botini. Akanitazama kwa jicho ambalo tangu utotoni nalijua maana yake. Kisha akaonyesha ngazi, akaonyesha godoro, akaonyesha birika la kahawa kwenye rafu, na mwisho akajigonga kifua kwa kidole. Aje hapa, apandishwe na Mama mwenyewe. Hakutaka zaidi ya hilo, wala pungufu yake.

Nilianza na kengele, na nakiri ilikuwa fikra mbovu. Mama aliitazama kama niliyemletea kamba ya mbuzi. Hata hivyo aliipiga siku moja, na mgeni aliyekuwa chini hakujua anaitwa au anafukuzwa, akachagua kwenda zake. Kengele ikapotea, na mpaka leo haijaonekana.

Mwenzangu wa karakana akaniambia mbona unajisumbua, rekodi sauti yako kwenye simu ikisema karibu, mwekee karibu na mkono aguse. Nikafanya hivyo. Siku ya kwanza aliyepiga hodi alikuwa muuza samaki. Mama, kwa furaha ya kuwa na kitu cha kusema, akagusa. Na yule bwana akapanda mpaka juu na kikapu chake kinachochuruza maji, akamkuta Mama hana mtandio kichwani. Alishuka ngazi ile kinyumenyume akisoma istighfari. Niliporudi jioni nikamkuta Mama amejifunika shuka gubigubi, na simu ameikalia. Ndipo nikaelewa kwamba karibu peke yake si kitu. Mwenye nyumba huuliza kwanza, nani? Huambia wengine karibu, wengine subiri, wengine rudi kesho, wengine weka hapo hapo chini. Na mgeni akishafika juu, ataketi kutazamana na simu inayorudia neno moja?

Nilijua kuna programu ya kusema Kiswahili iliyotengenezwa na vijana wa chuo kikuu kimoja huko bara, wakaitoa bure: unaiandikia maneno, inayatamka. Tatizo ni kwamba wameiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, na mimi kisanduku changu cha kumsemea Mama nilikuwa nimeshakianza kwa nyingine iitwayo C. Kwa wasioishi na mambo haya, nieleze. Programu ya C ikishatengenezwa huzungumza na kompyuta moja kwa moja, haihitaji mkalimani. Ya Java haiwezi. Huishi ndani ya programu nyingine iliyojifanya kompyuta, ambayo sisi tunaiita mashine pepe. Hapana chuma wala waya, ila ina kumbukumbu yake na sheria zake, na nje yake programu ya Java haina uhai. Vitufe, taa na kipaza sauti nilivitawala kwa C kama ninavyotawala pampu zangu. Sauti ilikuwa ya Java. Kwa hiyo ilinibidi programu yangu ya C, ikiwa katikati ya shughuli zake, iiwashe mashine pepe tumboni mwake, iingie humo, imtafute msemaji, imwambie sema. Mwenzangu alicheka. Mashine nzima, akasema, kwa ajili ya neno karibu. Nikamwambia hamjui mama yangu.

Kisanduku kilitoka kizuri, nijisifu. Nilipanga vitufe vikubwa, kila kimoja na neno lake, nikayaandika kwa herufi za Kiarabu kwa mkono wangu, kwa sababu hizo za chuoni ndizo Mama anazozisoma kwa raha. Za Kizungu huzisoma kwa kukunja uso. Nani. Karibu, ndoo yuu. Subiri. Naswali. Ni mimi. Weka hapo. Nimeshiba. Mwongo wewe. Hicho cha mwisho alikidai mwenyewe, kwa ishara ambazo sikuhitaji kufasiriwa. Na chini yake nikaunganisha kibodi ndogo ya herufi, kwa jambo lolote ambalo sikulikumbuka.

Ijumaa moja, siku yangu ya mapumziko, nikamwomba jirani wa mkabala aje apige hodi kama mgeni. Mama akabonyeza. Kimya. Jirani akapiga ya pili. Kisanduku kimewasha taa, kinafikiri. Ya tatu. Kimya. Tukasikia viatu vyake vikitoka dakani, maana hata kwa majaribio yule mama hawezi kupiga hodi ya nne. Ameshapinda kona ndipo sanduku likauliza ngazi tupu, nani? Mama akanitazama, akabonyeza Mwongo wewe. Hilo nalo halikutoka, kwa sababu baada ya kusema mara moja kisanduku kilikuwa kimekufa kabisa.

Yalikuwa makosa mawili na yote yangu. La kwanza, nilikuwa naiwasha mashine pepe pale kitufe kinapobonyezwa. Nayo ina uzito: iamke, itandaze kumbukumbu yake, ivisome vitabu vyake, ndipo iseme. Kwenye kompyuta ya mezani huoni; kwenye kibao kidogo cha umeme kama kile cha kisandukuni, hodi tatu zinaisha na mgeni yuko sokoni. La pili lilinisumbua zaidi. Mimi nimelelewa na mwanamke asiyelala mpaka ahakikishe kila taa imezimwa, basi kila neno likishatamkwa nilikuwa naizima mashine, nisile kumbukumbu bure. Kumbe mashine hii, ndani ya programu moja, huwashwa mara moja tu. Ukishaizima, hata uibembeleze vipi haiwaki tena mpaka programu yote ife ianze upya. Wala haikwambii. Hukurudishia hasi moja tu, namba ya kushindwa, basi. Nilizunguka na hiyo hasi moja siku kadhaa, nikiitukana botini kimoyomoyo, na Ramadhani ilikuwa imeshaingia kwa hiyo hata kutukana kimoyomoyo nilikuwa naogopa.

Dawa yake ilikuwa nyepesi nilipoiona. Washa asubuhi, mara moja, kisanduku kinapopata umeme. Iache iko macho, imekaa, inangoja. Kitufe kikibonyezwa, kazi iliyobaki ni kusema.

Nikadhani nimemaliza. Lo! Kisanduku kikaanza kuanguka kila Mama anapobonyeza. Programu yangu ina nyuzi kadhaa, yaani kazi kadhaa zinazokwenda kwa pamoja: mmoja unaangalia vitufe, mwingine taa, mwingine ndio huo mkubwa ulioiwasha mashine. Mashine ikiwaka humpa aliyeiwasha ufunguo wa kuzungumzia nayo, nami nikauchukua ufunguo huo nikaupa uzi wa vitufe. Haifai. Ufunguo ni wa mwenyewe tu. Uzi mgeni lazima ujitambulishe wenyewe kwanza, upokewe, upewe ufunguo wake, na ukimaliza uage. Usipoaga, siku unapotaka kuifunga mashine itakaa ikikungoja. Nilipoisoma habari hii nilicheka peke yangu mezani mpaka mwenzangu akaniuliza kuna nini. Nikamwambia mashine hii imezaliwa Mkomani, ndiyo maana haitaki mtu aingie bila hodi. Hakuelewa, mtu wa bara yule, na sikuwa na nguvu ya kumweleza nikiwa na kiu.

Nikarekebisha. Nikajaribu karakanani kwa sauti ya chini, nikivisikiliza vitufe kimoja kimoja, kila kitu barabara. Nikakileta nyumbani, nikakiweka kando ya godoro, nikaenda jikoni kukaanga sambusa. Jirani yetu, ambaye hakuambiwa lolote siku hiyo, akaja kabla ya magharibi na sinia la mkate, kama desturi ya kupelekeana futari. Akapiga hodi. Nikanyamaza makusudi, nione.

"Nani?" likauliza sanduku, papo hapo, halikukawia hata kidogo. Kwa sauti nzito ya kiume, ya msoma habari.

Programu ile ina sauti mbili, na mimi sikuchagua. Usipochagua, inakupa mwanamume. Karakanani mwanamke ni mimi peke yangu, sauti ile ya kiume haikunigutusha hata kidogo; mawazo yangu yote yalikuwa kwenye funguo na nyuzi. Na kabla sijauacha mwiko, Mama, macho yanang'aa kwa furaha ya kufaulu, akabonyeza cha pili, na dume lile likasema kwa madaha, karibu, ndoo yuu. Kutoka chumba cha juu cha mwanamke mjane. Jua halijatua. Mwezi wa Ramadhani.

Tukasikia viatu vikikimbia. Na mkate umekwenda navyo. Siku hiyo tulifuturu bila mkate.

Lisemwalo lipo, watu walisema, na kabla ya isha Mkomani nzima ilikuwa imeshamwoza Mama. Mjomba wangu, kaka yake Mama, mwalimu wa chuo anayeheshimika, alikuja akikohoa tangu dakani ili huyo mwanamume apate nafasi ya kutoka. Nikampandisha, nikamwonyesha sanduku. Akakaa mbele yake, amekunja miguu, akanitaka nilisemeshe. Nikaandika salamu. Sanduku likamwambia assalamu alaykum, naye akaitika wa alaykumu salamu, akaanza kuwaza kwa sauti kama kitu kisicho na roho kinastahili kujibiwa, na kama hakistahili, je, jibu lake limepotea au limemwendea aliyekiandikia. Hakufikia uamuzi. Lakini alipoondoka alikiaga.

Mama alikuwa amelala chali, machozi yanamtoka. Nikaogopa, nikamwinamia. Alikuwa anacheka. Nusu ya mdomo wake ilikuwa inacheka na mabega yote mawili yanatikisika, cheko lisilo na sauti, na mimi nikaketi chini nikacheka naye mpaka mbavu zikauma. Nilikuwa nimekosa cheko lake kwa miezi. Nampenda sana mama yangu, na jioni ile nilimwambia, nikamwona amenyoosha ule mkono mzima akanifuta unga wa sambusa usoni.

Tukachagua sauti ya kike. Ilikuwa ya msichana mwenye adabu nyingi, kama wale wanaokujibu ukipiga simu benki, na mwanzoni Mama alikunja pua. Nikaipunguza kasi, nikaishusha kidogo, mpaka akatikisa kichwa kwamba basi, huyu ataweza. Jirani alirudi na mkate mwingine, akaulizwa nani, akaambiwa karibu, akapanda ngazi ile kwa mara ya kwanza tangu nirudi kazini. Alikaa mpaka akachelewa kufungua kwake. Wengine wakafuata. Juma la mwisho la Ramadhani nilikuwa nikirudi kutoka bara nakuta viatu vya kike dakani, nami nikipanda polepole ili nisikie kelele zao kwanza.

Vya shoga wa Shela havikuwamo. Habari za sanduku zilimfika, sijui kwa umbo gani, maana za yule mwanamume nazo zilimfika. Mtoto wake alikuwa ameshamkatia tiketi. Mama hakuuliza kwa kitufe wala kwa ishara, lakini kila hodi ilipopigwa alibonyeza Nani kwa haraka kuliko ilivyolazimu, na jibu likija alibonyeza Karibu polepole.

Siku ya pili ya Idd nilikuwa nyumbani. Mama amevalishwa kanga mpya, amefukizwa udi, birika liko tayari. Baada ya alasiri tukasikia mtu anapumua dakani, pumzi ya mtu aliyepumzisha magoti. Mama akanielekeza kwa kidole niingie chumba cha ndani. Nikataka kubisha. Akakazia kidole. Nikaingia, nikasimama nyuma ya pazia.

Hodi ilikuja ya mtu aliyekata tamaa, imepigwa kwa sababu ya dini tu. Aliwaambia watu baadaye kwamba alikuja ili asiambiwe aliondoka bila kuaga.

"Nani?" sanduku likauliza.

Akasema ni yeye, amekuja kuaga. Alidhani anaongea na mimi, akaniita mwanangu, akanituma nimpe mama yangu salamu, nimwambie kesho anasafiri. Sanduku likamwambia karibu, ndoo yuu. Akauliza, mama yako yuko tayari kuonekana? Mama akabonyeza tena kile kile, akakishikilia, likasema karibu, ndoo yuu, karibu, ndoo yuu.

Akapanda. Ngazi yetu ni ya mawe na imekwenda wima, na nilimsikia akisimama mara kwa mara, akimwomba Mungu, akiendelea. Nilijishika nisitoke kumpokea. Akafika, akasimama mlangoni, akamwona Mama amekaa kwenye godoro, mdomo wake uko wazi kwa dunia, hakuufunika. Akatazama huku na huku akinitafuta, akauliza aliyemwitika yuko wapi. Mama akabonyeza. "Ni mimi," ikasema sauti ya yule msichana.

Shoga yake akakaa chini kwa kishindo. Akalitazama sanduku, akamtazama Mama, akalia pale pale bila kujifuta. Mama alimngoja. Nikadhani sasa watakunywa kahawa, na yameisha vizuri, na mimi nimefanya kazi yangu. Lakini yule bibi alikuwa na neno lake, na alikuwa amelibeba kwa safari zote zile za kwenda na kurudi Shela.

"Shoga," akasema, "mimi nalikuya hapa, nikapija hodi hata nikaona haya. Kama hukutaka nikuone, si kitu, ningekuelewa. Lakini mbona hukuniitika hata siku moya?"

Mama akatazama vitufe. Nikavipitia kichwani kimoja kimoja nyuma ya pazia, nikajua hakimo. Nilikuwa nimeweka Nimeshiba na Mwongo wewe, na hili sikulifikiri. Mguu wangu ulikuwa umeshanyanyuka nitoke nimjibie, niseme hawezi, Bi, hana sauti, wewe wajua. Kisha nikamwona anaivuta ile kibodi ndogo.

Alikunja uso kwa ajili ya zile herufi za Kizungu. Kidole kimoja cha mkono wa kushoto kikaenda juu ya herufi, kikashuka, kikapanda, kikatafuta. Mwenziwe hakumsaidia wala hakumharakisha; alikaa ametazama kidole kile kama mtu anayesikiliza. Na mashine huko ndani ilikuwa macho tangu asubuhi, inangoja pamoja naye.

"Naliitika," sauti ikasema.

Kidole hakikuwa kimemaliza. Kikatafuta tena.

"Zote tatu."

Miezi ile yote, mimi ninayelala chumba cha pili yake, nilidhani alikuwa amelala pale ananyamaza, kumbe ile pumzi ilikuwa ikiitika. Shoga yake akauchukua ule mkono wa kulia usiosikia kitu, akauweka mapajani mwake, akaukumbatia kwa mikono yake miwili.

"Nami nikenda zangu," akasema.